Tronsoneze ya Jules

Mwaka wa 2008, katika mwezi wa kumi, watu wawili wenye bunduki walifika nyumbani kwetu Lushebere asubuhi, wakati mume wangu Munyakazi alipokuwa akinoa mnyororo wa msumeno kwa tupa. Hawakuingia uwanjani. Walisimama penye uzio wa matete, na mmoja wao akasema:

— Papa, Komanda anakuita kwa mulima. Mashini iko kule. Kuni hakuna, batu banapika na majani.

Munyakazi hakuinua kichwa hadi alipomaliza jino alilokuwa ameshika. Kila jino alilipiga tupa mara tano, si nne wala sita, kwa kuwa jino moja likizidiwa na mengine, mnyororo huvuta upande mmoja na msumeno hupinda ndani ya mti.

— Mashini ya nani? akauliza.

— Ya Komanda.

Sote wawili tulijua kwamba Komanda hakuwa na mashine. Katika mlima ule mzima kulikuwa na tronsoneze moja tu, msumeno mkubwa wa mota ambao upanga wake, yaani ule ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo, ulikaribia urefu wa mita moja. Mwenyewe alikuwa Jules, mkata miti aliyekuja kutoka Walikale wiki tatu zilizotangulia. Watu hao hao walikuwa wamemwita siku ya Ijumaa. Sasa ilikuwa Jumatano, naye hakuwa ameshuka.

— Miye naenda naye, nikasema. Mashini kubwa inaomba batu wawili.

— Kuja tu, Mama. Lakini mubebe mafuta ya shene. Kule imeisha.

Nilikuwa nikimsaidia mume wangu tangu miaka tuliyofanya kazi kwa Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo aliyetutuma Walikale kumkatia kuni za miti migumu. Barabara zilipofungwa na mafuta ya dukani yakakosekana, wakata miti wote wa kule walianza kulainisha shene, yaani minyororo ya misumeno, kwa mafuta ya mawese, haya haya ya kupikia. Nilijaza chupa moja, nikaipasha moto kando ya jiko, kisha nikaifunga tumboni kwa kitenge, chini ya sweta, kama nilivyozoea tangu tulipopanda kuishi katika baridi ya Masisi. Watoto niliwaachia mama mkwe wangu, Béata. Hakuuliza tutarudi lini. Alishika tu mkono wa Munyakazi muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kuagana.

Tulipanda kwa muda wa saa moja na nusu katika ukungu. Juu, mti mkubwa wa asili ulikuwa umelala chini, na kwenye shina lake mkato mmoja ulikuwa umefika nusu tu. Tronsoneze ilikuwa imewekwa juu ya gogo. Komanda, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua, alikaa kwenye jiwe akinywa maziwa katika kikombe cha bati. Kando yake alisimama kijana waliyemwita Gisubizo. Alikuwa amevaa bote za manjano, buti za mpira zilizotoboka na kushonwa kwa waya kwenye kisigino cha kulia. Nilizifahamu. Jules alikuwa amezishona mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kizingiti changu.

Munyakazi naye alizitazama, kisha akageukia mashine.

— Ile mashini ilikufa siku ya Ijumaa, akasema Komanda. Tumenunua shene mupya. Itengenezeni. Ninataka huu muti wote ukuwe kuni leo.

Tuliifungua mashine juu ya gunia. Munyakazi alitoa buji, ile plagi ya kuwashia mota, akaifuta, akairudisha. Nilisafisha kichujio cha hewa kwa petroli kidogo na manyoya ya kuku. Mota ilikuwa nzima. Lakini upanga ulikuwa umegeuka rangi ya samawati na nyeusi, kama sufuria iliyosahauliwa motoni bila maji, na mnyororo wa zamani, uliokuwa umetupwa kwenye majani, ulikuwa umekatika. Nikafungua kifuniko cha tangi la mafuta ya mnyororo, nikaingiza kijiti. Kilisimama chenyewe. Ndani mlikuwa na mawese yaliyoganda, mazito, ya manjano kama siagi.

Hapo nilielewa. Huko Walikale, kwenye joto, mawese hayagandi. Jules alikuwa amefanya kama anavyofanya kila mtu wa kwao: alijaza jioni, akaiacha mashine ilale nje. Asubuhi tangi lilikuwa limejaa, lakini hata tone moja halikufika kwenye mnyororo. Sisi pia tuliwahi kuharibu upanga mmoja kwa njia hiyo, katika wiki yetu ya kwanza huku juu. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa peke yetu shambani, na hakuna aliyekuwa akitutazama.

Komanda alikuwa amesogea. Aliangalia kile kijiti.

— Ni nini ile?

Munyakazi alinitazama, kisha akatazama bote za Gisubizo. Alijibu haraka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

— Aliiharibu, Komanda. Alitia kitu kibaya.

— Nilikuambia! akasema Gisubizo, naye akacheka. Miye nilisema tangu siku ile. Mutu wa Walikale, akili yake ni ya nyoka.

Komanda hakucheka. Alimwaga maziwa yaliyobaki kwenye majani.

— Kama alitia kitu, iko mutu alimupa. Huku juu hakuna duka. Ni nani alimupa?

— Bibi yake, akasema Gisubizo. Ile Adelaïde. Miye niliona, kwa njia, akimupatia bido.

— Kesho mumulete.

Adelaïde, mke wa Jules, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amempelekea mumewe mafuta katika bido, kidumu kidogo, kama mimi nilivyompelekea wangu. Nilimwona Munyakazi akiinamisha uso. Alikuwa amesema uongo ili ashuke mlima akiwa hai, na uongo ule ulikuwa umeanza kutafuta mtu mwingine wa kumla. Nilijua pia kwamba nikiufuta, nitakuwa nimemwambia Komanda, mbele ya watu wake, kwamba siku ya Ijumaa alimwadhibu mtu asiye na kosa. Na huenda atakayelipia akawa mume wangu.

— Komanda, nikasema, hakuna mutu alimupa kitu. Ile ni mawese, ile tunakula. Kule kwabo kuko joto, inakaa maji. Huku kwenu kuko baridi, inalala. Shene inakauka, inaungua, inakatika. Jules hakujua baridi ya huku.

— Bwana yako amesema ingine.

— Bwana yangu aliogopa.

Mtu mmoja aliyekuwa akivunja vijiti kwa ajili ya moto aliacha kuvivunja.

— Onesha, akasema Komanda.

Niliingiza mkono chini ya sweta, nikaanza kufungua kitenge. Gisubizo alipiga mluzi.

— Eh, Mama, unabeba mutoto gani pale?

— Mutoto wa mawese! akasema mwingine. Huyo atazaliwa na meno ya shene!

Walicheka wote, na kwa muda mfupi walikuwa vijana wa kawaida, kama wale wanaokaa mbele ya duka siku ya soko. Nilitoa chupa. Mafuta yalikuwa mekundu na maangavu, yakitikisika kama maji. Nilimimina kidogo juu ya jiwe alilokuwa amekalia Komanda, jiwe lenye umande.

Tulingoja. Mafuta yalitambaa kidogo, yakasimama. Kingo zake zilipoteza mng'ao kwanza, kisha weupe mdogo ukaingia ndani, polepole, kuelekea katikati. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu kumi na mmoja wenye silaha waliinamia jiwe kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Komanda alipitisha kidole kimoja. Mfereji ulibaki pale kidole kilipopita, wala haukujifunga.

— Komanda, akasema Gisubizo, miye nilisema tu vile niliona.

— Nyamaza.

Alijifuta kidole kwenye koti, mara mbili, mara tatu. Kisha akaniuliza kwa utulivu:

— Ni nani mwingine anajua hii mambo ya mafuta?

Nilichelewa kuelewa swali lile: alikuwa akihesabu watu wa kunyamazishwa.

— Miye na bwana yangu.

— Bon. Kateni.

Tulikwangua tangi, tukaliosha kwa petroli, tukasafisha mfereji wa upanga kwa waya. Tulipindua upanga ili upande usioungua sana uwe chini, tukakaza mnyororo mpya hadi ulipovutwa kwa kidole ukarudi wenyewe. Nilimimina mafuta ya moto. Munyakazi alivuta kamba mara tatu, mota ikanguruma, naye akaelekeza ncha ya upanga kwenye kipande cheupe cha gogo ili tuone kama mnyororo unanyweshwa. Mstari mwembamba wa mafuta ulijichora juu ya mti. Kila mtu aliuona. Kila tulipojaza petroli tulirudia jaribio hilo, na kila mara ule mstari ulipotokea, Gisubizo aliangalia pembeni.

Mti ulikuwa mgumu kama mfupa. Unga wake ulikuwa mwekundu, nao ulitujaa puani na shingoni. Niliishikilia chupa karibu na moto wao, si karibu sana, nikiigeuza kama mtu anayechoma mahindi, na mlio wa mota ulijaa bonde lote hadi ukungu ulipotoka na jua likapita upande wa pili. Mnamo saa tisa mashine ilinyamaza. Kuni zilikuwa zimepangwa zikifika kifuani mwa mtu. Munyakazi aliifuta mashine kwa gunia, akairudisha juu ya gogo.

Komanda alituita kando. Gisubizo alisimama nyuma ya mume wangu na bunduki yake.

— Jules iko wapi? akauliza Komanda.

— Sijue, Komanda, akajibu Munyakazi.

— Unajua. Jules alikimbia. Aliacha mashini, akashuka kwenda Walikale. Sema.

— Jules alikimbia kwenda Walikale.

— Na weye, Mama. Bibi yake akikuuliza?

Nilimtazama mume wangu. Hakuniangalia; alikuwa akiitazama mikono yake.

— Alikimbia, nikasema.

— Sauti. Kama mutu anajua.

— Jules alikimbia kwenda Walikale.

— Njo vile. Mubebe kuni, kila mutu muzigo wake. Jumatatu, saa mbili, murudie hapa. Bote wawili.

Tulishuka tukiwa tumebeba mizigo, na wale wawili wa asubuhi wakitufuata nyuma kwa hatua kumi. Njia ilikuwa na utelezi. Mara moja Munyakazi aliniita, «Mama Merdi», kisha akageuka kuwatazama wale wawili, akaendelea kushuka.

Uwanjani kwetu, Adelaïde alikuwa ameketi pamoja na Béata. Miguuni pake palikuwa na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba, jinsi tunavyofunga chakula kinachopelekwa mbali. Alipotuona alisimama, akiwa ameshika kiuno, uso wake ukiwa na furaha.

— Nimesikia mashini tangu asubuhi! akasema. Nikasema, kumbe bwana yangu iko muzima, iko anakata. Nikapika. Mama Merdi, amebakia kule juu?

Nyuma yetu, penye uzio, zile hatua zilikuwa zimesimama. Nilitua mzigo wangu chini, nikamjibu kwa sauti, kama mtu anayejua.