Mama Mkubwa na Kifungo cha Nje

Nina wajukuu wawili wa kiume, nawaita waume zangu, na wote wawili waliiba. Wa binti yangu mkubwa aliiba baiskeli, akafungwa miaka mitatu. Wa binti yangu mdogo aliiba simu, lakini yeye alikuta mambo yamebadilika. Hakimu alisema jela zimejaa, kumlisha mwizi wa simu ni hasara, na huko ndani angetoka amefunzwa wizi mkubwa zaidi. Akampa kifungo cha nje: alale kwao, asubuhi aende kufanya usafi zahanati. Siku akikosa kazi bila ruhusa, anaingia jela.

Msimamizi wa usafi pale zahanati ni mama yake mkubwa.

Kijicho kilimkaa huyo binti yangu mkubwa kooni kama mwiba wa samaki. Akimkuta kijana anapiga deki huku anapiga mluzi, humwaga maji pale palipokauka na kumwambia arudie. Kwangu alikuja kulalamika kwamba kijana anakula chakula cha moto kwa mamaye kila jioni, na hicho nacho eti kifungo.

"Basi na mimi wanifunge," alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sikumlaumu. Wake alirudi kutoka jela mpole kupita kiasi, hata maji ya kunywa haombi.

Jumatatu moja nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha, nikamkuta afisa wa mahakama amekuja kuuliza habari za kijana. Na Ijumaa iliyopita kijana alikuwa amefika adhuhuri. Hakuwa na udhuru, usingizi tu. Alisimama na fagio lake. Mama yake mkubwa alimtazama kama paka aliyeona panya kaingia kwenye ndoo.

"Ijumaa alikuja?" afisa aliuliza.

Binti yangu akafungua mdomo, kisha macho yakamwenda dirishani. Mwanawe alikuwa amemletea funguo za nyumba, naye amesimama nje. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, lakini tangu atoke jela hasukumi mlango, hungoja afunguliwe. Kijana wa fagio aliliegemeza ukutani, akaenda kumfungulia, akamshika bega na kumwingiza. Ilionekana si mara ya kwanza.

"Alikuja," binti yangu alisema. "Alichelewa nusu siku. Jumamosi atanisugulia vyoo vyote, na hilo nalo liandike."

Afisa alipoondoka, kijana alitaka kumshukuru. Binti yangu akamwambia aondoke mbele yake, deki haijaisha. Tukabaki wawili kwenye benchi.

"Bado roho inaniuma, mama. Kwa nini wangu hakupewa hiki?"

Nilimshika mkono, mkono ule ule unaonuka sabuni tangu alipoanza kazi.

"Iache iume, mwanangu," nilimwambia. "Lakini iume huyu akiwa nje."