Nilisema ni Mimba ya Kwanza

Usinikatize. Nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika sitamaliza, na habari hii nataka kuimaliza mimi mwenyewe kabla jirani yangu mama Chantal hajanimalizia pale sokoni.

Mimi ni mama Prudence, Prudence ni jina langu mwenyewe, muuza maharage ya jumla hapa Mangobo, Kisangani. Nilitoka Butembo na mume wangu miaka ishirini na sita iliyopita. Mume alikufa, nikabaki na depo, ghala letu la magunia, na mwanangu Élie. Sisi ni Wanande, na kwetu jina la mtoto halitafutwi, linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na kuendelea. Ukisikia mtu anaitwa Kambale, ujue ana kaka mbele yake. Na hata kama kaka huyo alizaliwa amekufa, anahesabiwa. Hayo nayajua tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mwaka juzi Élie na mke wake Katungu walikuwa wanakaa Banalia, kwa kazi ya kununua mpunga. Mimba ya Katungu ilipofika miezi minane nilikwenda kumsaidia. Nilimkuta amevimba miguu na uso. Aliumwa kichwa siku tatu, siku ya nne akaanguka, akatetemeka mwili mzima, meno yamekazana. Élie alikuwa vijijini. Mtoto akatoka amekufa. Katungu alipopata fahamu, mimi nilikuwa nimeshamfunga mtoto katika kitenge, nimeshampeleka kumzika, nimeshanawa mikono.

Akaniuliza, "Mama, mutoto wangu iko wapi?"

Nikamwambia, "Usilie. Mutoto hakulia, hana jina, hana matanga. Utazaa mwingine."

Nilifikiri namsaidia, nakuapia. Hata mimi nilipompoteza wangu zamani niliambiwa hivyo hivyo, nikanyamaza, nikaendelea kuuza maharage. Élie aliporudi nikamwambia yamekwisha. Akakaa kwenye ngazi mpaka jua likazama, halafu akaenda kufunga magunia. Tuliporudi Kisangani sikumwambia mtu. Sokoni hapa watu wana midomo, na sikutaka wamwite mke wa mwanangu mwanamke wa mkosi. Nilisema pia: nani atajua? Banalia ni mbali.

Mimba ya pili ilipoingia, nilifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikamgusa tumbo nikasema, "Mumbere wangu, uliamka?" Depo nzima ilijua Mumbere anakuja. Wabeba magunia walimsalimu tumboni kwa jina hilo. Katungu alikuwa anatoa tu mkono wangu polepole, kama mtu anayeondoa majani kwenye nguo, halafu anaingia ndani.

Siku ya kwanza ya kliniki nilimpeleka mimi. Infirmière, muuguzi wa pale kituo cha afya, anaitwa Benie, msichana mwembamba, ana sauti ya ukali lakini mikono yake ni mizuri. Alichukua fishi mpya, ile kadi ya mimba, akauliza, "Hii mimba iko ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikajibu, kabla Katungu hajafungua mdomo.

"Mama, niko nauliza yeye."

"Yeye iko na haya. Ni ya kwanza. Andika."

Benie akamtazama Katungu. Katungu akatazama sandali zake. Binti wa watu, angewezaje kumwambia mama mkwe mbele ya watu kwamba anadanganya? Kwetu hilo haliwezekani, na mimi nilijua haliwezekani. Benie akaandika. Akauliza kama analala vizuri, nikajibu analala. Akauliza kama anakula, nikajibu anakula. Aka! Mdomo wangu huu.

Kumbe hakuwa analala wala kula. Alikuwa anapika lituma vizuri kabisa, anatwanga ndizi mpaka zinang'aa, anatugawia sisi wote, halafu anakaa na sahani yake tupu. Nguo za mtoto nilizonunua alizifunga tena kwenye mfuko wake, akauweka juu ya kabati. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ntazifungua nikisikia amelia." Nilimfokea. Nilimwambia mimba si ugonjwa, nilimwambia wanawake wa Yanonge wanazaa ndani ya pirogi, mtumbwini katikati ya mto, na jioni wanauza samaki. Alisikiliza yote, akasema, "Ndiyo, mama," akaenda kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Siku moja mchana tulikuwa wawili kwenye depo tunachagua maharage. Nikasema, kama kawaida yangu, "Mumbere leo iko nacheza?"

Katungu akaacha kuchagua. "Mama, huyu haiko Mumbere."

"Ni nini basi?"

"Munipeleke Banalia. Munionyeshe pahali mulimuzika."

Nikaruka kama nimeungua. "Mwanamuke wa mimba anaenda makaburini? Unataka kumuua na huyu?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema taratibu, macho kwenye maharage, "Mama, mi niko naogopa. Naamka naogopa, nalala naogopa. Siku zingine nasema, bora niende na huyu mara moja, pahali ule mwenzake iko, tukae bote pamoja."

Wewe unayenisikiliza, hayo maneno ungeyafanyia nini? Mimi nilichukua rozari yangu shingoni nikamvika. Nikamwambia asali, shetani anapenda kichwa kisicho na kazi, nikamwongezea gunia lingine la kuchagua. Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo hakwenda tena kliniki. Alisema amechoka kutembea, na mimi nikasema basi, mimba inaenda vizuri, tusisumbue watu.

Asubuhi moja, mimba ikiwa mwezi wa nane, niliingia depo nikamkuta ameketi juu ya magunia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Uso umevimba. Nilipomtazama vile nikaiona Banalia nzima mbele yangu. Nikauliza, "Tangu lini kichwa kinauma?" Akasema, "Tangu juzi. Sioni muzuri, mama." Nikauliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mulisema haiko ugonjwa."

Nilipiga kelele mpaka mama Chantal, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, duka la pembeni, akaja mbio. Yeye mbele, Katungu katikati, mimi nyuma, sote kwenye pikipiki moja na dereva anatulaani njia nzima. Pale kituo wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, ilikuwa siku ya kupima. Benie alimlaza, akapima tension, presha ya damu, mara moja, akapima tena. Akachukua fishi.

"Mimba ya kwanza," akasoma. Halafu akanigeukia. "Mama, nakuuliza mara moja tu. Huyu aliisha kuzaa? Alipata hii mambo zamani? Ukinificha, nitafanya kazi na macho ya kufunga."

Wanawake kwenye mabenchi wakainua shingo. Mama Chantal alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, naona mdomo wake uko tayari. Katungu amelala, macho kwangu. Hakuwa ananiomba kitu, alikuwa anangoja tu kuona nitasema nini, na nadhani alishajua nitasema nini.

Nikasema, "Ni ya pili."

"Nguvu, mama. Sisikii."

"Ya pili! Wa kwanza alikufia tumboni mwezi wa nane, huyu kichwa kilimuuma siku tatu, akaanguka, akatetemeka vilevile! Mtoto alikuwa mvulana. Mimi nilimzika. Mimi nilidanganya hapa, mbele yako, kwenye kiti hiki!"

Nililia kama mtoto. Benie hakupoteza wakati kunitukana, ingawa nilistahili. Alimchoma sindano, akaita watu, akaandika karatasi, na njiani kwenda hospitali kubwa alikuwa anasema kwenye simu, "Ya pili, wa kwanza alikufa, ndiyo, mama alishikwa na kifafa cha mimba." Kila aliposema "ya pili" niliona kope za Katungu zinacheza. Walimpasua mchana huo huo.

Mtoto alitoka hai. Mvulana, kilo moja na nusu, miguu kama vidole vyangu. Walimweka kwenye chumba cha joto. Daktari aliniambia ukweli bila sukari: siku kumi za kwanza hakuna wa kuahidi kitu. Akasema na mama yake anaumwa, si tension tu, hata moyo wake umeshikwa na huzuni tangu yule wa kwanza, na kwamba ugonjwa huo una dawa na una mtu wa kuzungumza naye, na kunyamaza si mojawapo. Nilimjibu, "Ndiyo, docteur." Nilikuwa nimejifunza kusema ndiyo.

Katungu alikaa siku tatu amegeukia ukuta. Walipomletea kikombe cha kukamulia maziwa alikamua. Walipomwambia aende kumwona mtoto alisema, "Nitaenda." Hakwenda. Élie alikaa kitandani kwake, mkono juu ya shuka, hajui auweke wapi.

Siku ya nne akaja mtu wa hospitali na daftari, anataka jina. Élie akasimama. "Mumbere," akasema, akanitazama. "Si vile, mama?"

Miezi yote nililitangaza jina hilo. Depo nzima inalijua. Nilishaagiza hata bia za siku ya mtoto kutoka hospitali.

"Hapana," nikasema. "Andika Kambale."

Élie akakaa tena. Mtu wa daftari akaandika, kwake ni jina kama majina mengine. Lakini kitandani nilisikia shuka inasogea. Katungu alikuwa anageuka, polepole kwa ajili ya mshono, mpaka akanitazama. Tangu Banalia hakuwa ameniangalia usoni hivyo, kama mtu anayetaka kuniuliza kitu.

"Mama," akasema, "Mumbere alifanana na nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Na hakuna mwingine angeweza kujibu, kwa sababu uso ule, duniani, niliuona mimi peke yangu. Nilikuwa nimeufungia ndani miaka miwili, na niliwanyima hata waliomzaa.

Nikavuta kiti. "Alikuwa na nywele nyingi," nikasema. "Nyingi sana, zimeshuka mpaka hapa. Paji la uso lilikuwa la Élie. Sikio la kushoto limekunjika juu kidogo, kama lako. Nilimuosha na maji ya moto kidogo, maana asubuhi ilikuwa baridi. Nilimfunga na kile kitenge changu cha kijani. Iko nyuma ya kapela, lile kanisa dogo la Banalia, karibu na muchikichi. Niliweka jiwe."

Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. Mdomo wangu ulitaka kusema "usilie", umezoea. Nikauma ulimi.

"Na mulimuambia nini?" akauliza. "Wakati wa kumufunika. Mulimuambia kitu?"

Hilo sikuwa nimemwambia hata padri.

"Nilimuita jina lake," nikasema. "Nilisema, 'Mumbere, lala.' Halafu nikarudi kwako nikasema hana jina."

Katungu akalia sasa kwa sauti, mkono kwenye mshono, ile sauti ya matanga ambayo wodi nzima inaijua. Infirmière wa wodi akaja mbio mlangoni. Nikamwambia aturudishie mlango. Nikapanda kitandani pembeni yake, na Élie upande wa pili, tukamlilia mtoto wetu. Alipomaliza, alijipangusa uso na shuka, akaomba sandali zake, akasema anataka kwenda kumwona Kambale.