Vidole vya Bi Shuka

Alfajiri Bi Shuka alizikunja nguo za majirani alizofua jana yake, akaketi kitandani, akajipaka mafuta vidoleni, kimoja kimoja, kama anayempaka mtoto mchanga. Jina hilo alilipata hospitalini, alikofua mashuka ya wagonjwa tangu usichana wake mpaka walipomstaafisha. Mshahara ulikoma siku hiyohiyo. Mafao ya uzeeni, aliyokuwa akikatwa kila mwezi pamoja na kodi ya mapato, hayajatoka hadi leo, kwa sababu kila akienda ofisi ya mfuko wa pensheni, mashine ya alama za vidole inamkana.

"Leo itanijua tu," alimwambia mdogo wake, mjane mwenzake aliyeishi naye chumba kimoja.

"Ikikukataa, izabe kibao," mdogo mtu akasema, akacheka, kisha akashika mgongo wake mbovu. Mwenye nyumba alikuwa ameshawapa siku za mwisho za kulipa kodi ya chumba.

Kijana wa dirishani pale ofisi ya pensheni alikuwa mpole, na upole wenyewe ulimchosha Bi Shuka.

"Karibu, mama. Dole gumba hapo kwenye kioo."

Taa nyekundu.

"Jaribu kingine. Bonyeza kidogo."

Nyekundu tena. Kijana akakipangusa kioo kwa leso yake mwenyewe. Nyekundu. Foleni nyuma ikaanza kukohoa na kuguna.

"Mama, vidole vimelika hivi, havina mistari kabisa. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kufua. Kwa ile dawa kali ya kutoa damu. Glavu tuliahidiwa, mpaka nastaafu bado zilikuwa njiani."

"Pole sana."

"Lakini si mimi huyu? Kitambulisho hiki hapa. Sura ndiyo hii, imezeeka tu."

"Mimi nakuona, mama. Mfumo ndio haukuoni."

Hasira ikampanda. "Wakati wa kunikata hamkuniuliza kidole, mwanangu. Kodi mlikata, akiba mlikata, hata mwezi mmoja hamkunisahau. Leo nakuja kuchukua changu, ndiyo mnanisahau?"

Kijana aliinamisha macho. "Kanuni ndiyo hiyo. Bila alama, pesa haitoki. Ila mistari huwa inarudi. Pumzisha mikono mwezi mzima, usiguse maji wala sabuni, halafu uje."

"Na huo mwezi nitakula nini?"

Kijana akatazama foleni nyuma yake. "Anayefuata," akasema.

Nyumbani mdogo wake hakutaka mzaha tena. Alimpaka mafuta upya, akamfunga mikono yote miwili kwa vitambaa safi kama majeruhi. Wakakaa hivyo, mmoja hawezi kuinama, mwingine hawezi kushika.

Jioni mke wa mwenye nyumba akabisha hodi, akabwaga mlangoni mablanketi matatu mazito. "Mume wangu anasema mkiyafua haya, atawavumilia mpaka wiki ijayo. Hamtaki, anaye mpangaji mwingine."

Alipoondoka, mdogo mtu aliburuta beseni, akajaribu kuinama, akaguna kwa maumivu.

"Acha," Bi Shuka alisema.

Alifungua vitambaa kwa meno, akavikunja ncha kwa ncha kama alivyofundishwa kukunja mashuka, akaviweka juu ya mto. Kisha akatumbukiza mikono kwenye maji ya sabuni.

"Huo mwezi," alisema, "tutauanza kesho."