Bakuli la Meza Kuu

Miaka kumi na tisa nimeolewa katika ukoo wa mume wangu, na sijawahi kukaa kwenye sherehe yao hata moja. Sababu yake ni wali.

Msinicheke. Huku Kyela sherehe ni wali, na wali lazima uwe na mtu wa kuukalia motoni. Harusi ya shemeji yangu, nilikuwa jikoni. Ubarikio wa watoto wa wifi yangu Damaris, wote watatu, nilikuwa jikoni napalia makaa juu ya mfuniko. Hata tulipomaliza msiba wa mama mkwe, mwanamke aliyenipenda kama amenizaa, maombi niliyasikia kwa mbali huku moshi umenijaa machoni. Mkamwana mwenzangu anaishi Mwanza, na watu wa Mwanza huja siku ya sherehe wamevaa viatu vyeupe. Basi mtu akishasema "wali atapika mama Atupele," kikao kimefungwa.

Kuna jambo lingine lililofanya jikoni paonekane ndipo kwangu. Kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Akitokea njiani, napisha pembeni na kugeuka. Hatusalimiani, hatuli chombo kimoja, na jina lake silitaji. Hata hapa sitaliandika. Wengi siku hizi wamelegeza. Kwetu hakijalegezwa kitu: mzee akifika kutoka Makwale kuja kwetu Bujonde, yeye anaingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Sikuwahi kulalamikia hilo. Nimelelewa ndani ya heshima hiyo na mama yangu aliishi nayo mpaka kufa. Kilichonichoma ni jinsi watu walivyoigeuza heshima kuwa sufuria, wakanikabidhi.

Sasa ikafika zamu ya Atupele, mtoto wangu wa pekee, niliyempata baada ya mimba mbili kuharibika. Alikuwa anabarikiwa kanisani Jumapili ya Desemba. Nilitaka kitu kimoja tu siku hiyo: kukaa kwenye kiti kando ya mwanangu na kula chakula cha sherehe yake kama mama wa mtoto. Moyoni niliapa kwamba kama hilo nalo litanishinda, basi katika ukoo ule mimi si mtu, ni jiko.

Njia niliipata kwenye semina ya wakulima wa kakao. Saa ya chai walitupa sandwichi. Wenzangu wakala, mimi nikaifunua yangu nione ndani kuna nini. Kuku aliyechambuliwa, yai, tango, karoti, mayonesi. Vyote vya baridi. Nikajiuliza, aliyeitengeneza yuko wapi sasa hivi? Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, miguu kaipishanisha, anakunywa chai. Chakula kilikuwa kimekwisha kutengenezwa, hakuna moto wa kuchungulia. Jamani, nilikaribia kulia.

Lakini sandwichi za watu mia na ishirini nani atazifunga moja moja? Nikaona heri kile cha ndani nikikatekate, nikichanganye, nikiweke kwenye mabakuli, na mikate iwekwe pembeni. Kila mtu achovye mwenyewe. Atupele akakibatiza jina, chovya, tukacheka naye.

Kikao cha familia hakikucheka.

"Sherehe bila wali?" Damaris aliuliza. Damaris ni mkubwa wao. Mume wangu Lugano anamfuata. "Hapa Kyela? Watu wanatoka Dar kuja kutafuta mchele wetu, sisi tuwape wageni mkate? Wageni wetu wa Ndandalo watasema nini?"

"Watasema wameshiba."

"Mkate haushibishi, wifi."

"Basi wali upikwe," nikasema. "Nani atapika?"

Walitazamana kana kwamba nimeuliza nani atakufa.

"Nani tena kama si wewe?" Damaris akasema, bila ubaya wowote, na hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka masikio yakaziba. Afadhali angenitukana.

"Mimi siku hiyo ni mama wa mtoto."

Nikamtazama Lugano. Alikuwa anachunguza kucha zake. Mume wangu si mtu mbaya, hanipigi, halewi, ila likitokea neno la kusema mbele ya dada yake, kucha zake huwa na mambo mengi sana. Nikasubiri. Halafu nikasimama na kusema kikao kimefungwa, na kwa mara ya kwanza nikakifunga mimi.

Jumamosi nilifanya kazi kwa ghadhabu, na ghadhabu ni msaidizi mzuri ukiwa umeshika kisu. Kuku kumi na wawili niliwachemsha asubuhi, wakapoa, nikawachambua kwa vidole hadi ikabaki mifupa mitupu. Mayai trei tatu. Nyanya nikazitoa mbegu zote, maana mbegu zinaleta maji, na maji yakiingia chovya inageuka mchuzi. Matango, hoho, vitunguu nilivyoviosha kwa chumvi visinuke, karoti za kukwaruza. Mtindi nilikuwa nimeutundika kwenye kitambaa tangu Ijumaa, ukawa mzito. Nikauchanganya na mayonesi, ndimu na pilipili manga. Kwa joto la huku ziwani, mayonesi ikikaa nje saa mbili utawazika wageni wako, kwa hiyo ndoo zote nilizipeleka kwenye friza la soda la dukani kwa Nsajigwa pale senta. Nikagandisha na chupa za maji za kupangia chini ya mabakuli. Jumamosi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Nikaketi kibarazani, mikono mitupu, nikiwa sijui niiweke wapi.

Jumapili tulitoka kanisani saa saba. Turubai lilikuwa tayari, meza kumi na mbili, kila meza bakuli moja juu ya chupa za barafu na mikate iliyokatwa vipande. La meza kuu lilikuwa zuri kuliko yote, bakuli langu la kauri lenye maua mekundu. Ndoo moja niliiacha jikoni kwa ajili ya watakaochelewa.

Viti nilivipima mwenyewe. Mzee mwisho wa kulia, halafu Lugano, halafu Atupele na gauni lake jeupe, halafu mimi mwisho wa kushoto. Watu wawili katikati, sote tumewageukia wageni, hakuna wa kumtazama mwenziwe. Mchungaji mwenyewe nilimwuliza, akasema halina ubaya. Nikavaa kitenge changu kipya. Nikakaa. Jamani, nilikaa! Atupele akanibana mkono chini ya meza.

Mshereheshaji wetu alikuwa Gidion, jirani. Akashika kipaza sauti: "Haya, wapendwa, leo hakuna foleni ya wali. Leo ni chovya!" Watu wakacheka, wakasita, mmoja akajaribu, wa pili akajaribu. Muda si muda meza zote mikono ilikuwa inapishana kwenye mabakuli. "Mchovya asali hachovyi mara moja," mzee mmoja wa kanisa alisema, akachovya mara ya nne. Nilisikia watu wa Ndandalo wakiulizana nani ametengeneza. Kwa upande wa kulia, bila kutazama, nikaona mkono wa mzee umeenda bakulini na kurudi. Atupele akachovya. Lugano akachovya. Nami nikachukua kipande cha mkate, nikanyoosha mkono.

"Wee, mama Atupele!"

Damaris alikuwa amesimama meza ya pili, mkono kifuani.

"Bakuli moja na baba?"

Turubai zima likageuka kututazama. Mkono wangu ukabaki hewani na kile kipande cha mkate.

Niseme ukweli, kwa sababu nisipousema wengine wameshausema. Nilikosea. Viti nilivipima, barafu niliipima, mbegu za nyanya nilizitoa moja moja, lakini akili yangu, iliyolelewa katika mwiko huo tangu utotoni, haikuona kwamba chakula cha kuchovya ni chombo kimoja kwa wote. Wali una sahani. Kwa wali ningeweza kukaa hata meza moja naye, kila mtu na chake. Nilikibuni chakula kinitoe jikoni, na chakula hichohicho ndicho kilichokuwa kinanirudisha. Nilijichukia kwa upumbavu huo, na nikamchukia Damaris kwa sababu alikuwa na haki.

"Nimpakulie mama kwenye sahani," Atupele akasema.

"Mkono wa babu yako umeshaingia humo, mwanangu. Hata ukimpakulia ni kilekile." Kisha Damaris akanigeukia, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa mtu aliyeshinda. "Si nilisema wali? Haya, wifi, jikoni si kuna ndoo imebaki? Kale huko, usituaibishe."

Nikamtazama Lugano. Mbele ya wageni mia na ishirini, siku ya mtoto wetu, nikamtazama. Alikuwa ameishika chupa yake ya soda na anasoma maandishi yake kama barua kutoka serikalini.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Kichwa kilikuwa kinasema kaa, waambie wote waende zao, na miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Miguu yangu inaijua njia ya jikoni kuliko ya kanisani. Atupele alinishika kitenge. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye gauni, nami nikaanza kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja.

Hapo nikasikia kiti kikisukumwa upande wa kulia.

Nikageuka kama nilivyofundishwa, nikalipa turubai mgongo. Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kabla sijayaona. Nilisikia fimbo. Nilisikia bakuli likiondolewa juu ya chupa za barafu, maji yakichuruzika mezani.

"Damaris," akaita mzee.

"Tata," akaitika, ndiyo baba kwa Kinyakyusa.

"Jikoni kwao ni wapi?"

Damaris hakuelewa. "Unataka nini, tata? Nikuletee."

"Nimeuliza jikoni ni wapi. Miaka yote nakuja hapa, sijui jikoni ni wapi."

"Tata, kaa. Wewe ndiye mgeni wa heshima."

"Bakuli si nimeshalitia mkono? Nakwenda nalo. Hili ni langu mimi, la kwao lijazwe kutoka kwenye ile ndoo. Nionyeshe njia."

Alipopita nilimwona kwa pembeni ya jicho, kiuno kwenda chini, maana juu ya hapo sijawahi kumtazama. Suruali ya suti, goti bovu likivutwa, na bakuli langu la maua mekundu amelikumbatia kwa mkono mmoja. Alinizunguka kwa mbali, akapita nje ya kamba za turubai, kama mimi ninavyompisha njiani. Damaris alimfuata. Gidion alikiinua kipaza sauti, akakishusha.

Nikakaa.

Baada ya muda Damaris alitokea upande wa migomba. Mikononi alibeba bakuli la plastiki lililojaa chovya kutoka kwenye ndoo, nadhani alitumwa. Alilileta hadi meza kuu, akaliweka mbele yangu, na majivu ya jikoni yalikuwa yameshika upindo wa gauni lake la sherehe.

"Ndaga," nikamshukuru kwa Kinyakyusa. Akakung'uta upindo.

"Mzee amekaa wapi?" Atupele akamwuliza.

"Kwenye kigoda cha mama yako. Anakula."

Watu wakaanza kuzungumza tena, kwanza chinichini, kisha kama kawaida. Gidion akapata maneno yake, akawataka waimbaji wasogee mbele. Mwanangu alikata mkate, akachovya, akanilisha kwa mkono wake kama keki, na wanawake wakapiga vigelegele. Chumvi ilikuwa sawa. Kuku alikuwa laini. Nilikula kipande cha pili, na cha tatu, na kila nilipomeza nilisikia hasira inapanda badala ya kushuka, mpaka nikashindwa kuelewa mwenyewe.

Lugano naye aliona. Akanisogelea, akanong'ona nyuma ya mgongo wa Atupele.

"Haya, umekaa. Sasa umefurahi?"

"Hapana."

"Unataka nini tena, mama Atupele?"

Nikamgeukia. Yeye naruhusiwa kumtazama usoni, na nilimtazama vizuri.

"Baba yako ana miaka themanini na mbili," nikamwambia, "na goti moja. Hajawahi hata kusema na mimi. Ametembea hatua arobaini na jambo limekwisha. Lugano, kumbe ni hatua arobaini tu? Nimezihesabu miaka kumi na tisa nikienda na kurudi na masufuria. Wewe ulikuwa unalala ubavuni kwangu. Ulishindwa nini?"

Akafungua mdomo. Nikamsogezea mkate ili mdomo upate kazi.