Jike la Sita

Nilisikia vidole vya kaka yangu vikivunjika kabla sijatambua kwamba rungu limeshatua. Akapiga magoti kwenye majani yenye umande, mkono ameubana kifuani, nami nilikuwa nimeshainua rungu kwa pigo la pili. Sitawadanganya, ningempiga.

Kilichonizuia ni ndege. Alining'inia kwenye kijiti juu ya kichwa cha kaka, bawa moja limenata kwenye ulimbo, jingine likipiga hewa. Mguuni alikuwa na pete ya kijani, pete tulizowavisha majike.

Ndege huyo, mluzi, anaishi kwenye kilima kimoja tu duniani, kile cha nyuma ya kiwanda cha mbao. Ukianza kukizunguka kwa miguu alfajiri, saa nne umemaliza. Mwaka ule tulihesabu kumi na tisa, majike sita. Mimi nilikuwa mlinzi wao, na kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, alikuwa mtegaji wao, kwa sababu mluzi akiwa tunduni huimba mpaka jirani anaona wivu. Nyumbani tulikula meza moja. Mama alipiga marufuku kutaja ndege mpaka sahani zitolewe.

Kutega kwa ulimbo alitufundisha baba, sote wawili, na kunasua pia: unapaka mafuta, unangoja utomvu ulainike, ndipo unamtoa unyoya kwa unyoya. Gundi alikuwa na vidole vya kazi hiyo. Mimi baba alikuwa akinipokonya ndege kabla sijamharibu.

Sasa vidole vyenyewe ndivyo hivyo, nimeshavivunja.

"Mafuta yamo mfukoni mwangu," Gundi akasema, jasho linamtiririka. "Mpake, halafu hesabu mpaka mia tatu. Usimvute, mdogo wangu. Nakuomba."

Nikapaka, nikaanza kuhesabu. Nilipofika kama arobaini nikasikia pikipiki inapanda kilima. Nikajua tu ni mnunuzi, na kwamba Gundi ananichelewesha makusudi ili wawe wawili dhidi yangu. Huyu mtu amenifanya mjinga tangu tunanyonya. Damu ikanichemka. Nikamshika ndege, nikavuta.

Bawa lilibaki kwenye kijiti.

Alikuwa mwepesi, wa moto. Akanidonoa mara moja, kwa nguvu zake zote, mpaka nikatoka damu, kisha akalegea. Pikipiki ikatupita, alikuwa fundi wa kiwandani anawahi zamu, hata hakutugeukia. Nami nikamrukia kaka yangu. Nikampiga mabegani, mgongoni, kichwani, nikimwita muuaji, na kila nilivyopiga ndivyo nilivyozidi kuamini. Hakujikinga. Walinzi wenzangu, waliokuja mbio waliposikia kelele, ndio walionipokonya rungu mkononi.

Taarifa niliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: mtuhumiwa alimng'oa ndege kwa nguvu, akamuua. Mahakamani hakimu akamsomea maneno hayo, akamuuliza kama ni ya kweli. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza ya karani. Gundi, mkono ukiwa kwenye plasta, akanitazama mpaka karani naye akanigeukia.

"Ni kweli," akasema. "Niliyemvuta ni mimi."

Wakampa miaka minne. Mimi nikapandishwa cheo, nikapongezwa, nikapigwa picha. Mama alipoiona ile picha aliifunika kifudifudi mezani, akaendelea kumenya viazi.

Mwezi wa tatu wa kifungo chake ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda kumwona gerezani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: kwamba nitakwenda kwa hakimu, nitasema, liwalo na liwe. Tukakaa, wavu katikati yetu. Nikafungua mdomo, akanikatiza.

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na wanane," nikasema. "Majike matano."

Akanyanyuka, muda wetu haujafika hata nusu.

"Basi rudi kazini," akasema.