Kamba Chini ya Mteremko

...na kalamu inaandika vizuri, hilo ndilo linalomshangaza Mathe, maana kalamu za bureau hii siku zote hukauka, unaipulizia, unaisugua kwenye kiganja, inakataa katakata, lakini leo, siku ambayo angeshukuru ikikataa, imeshaandika tarehe, imeandika jina lake na kazi yake, polisi wa roulage, msimamizi wa sheria za barabarani mjini Butembo, imeandika jina la marehemu, Muyisa, mwenye baiskeli, na sasa imesimama inangoja, na Komanda Eliezer naye amesimama dirishani, amewapa mgongo, mikono nyuma, anatafuta Kifaransa cha kuweka kwenye pevé, ile karatasi ya maelezo ya polisi, kana kwamba marehemu atakuja kuisoma, "refus," anasema, "andika refus, alikataa kusimama, andika vile, Mathe, hapana kuzungusha maneno," na kwenye benchi ya ukutani ameketi mke wa Muyisa, Katungu, tangu asubuhi, na jana vilevile tangu asubuhi, hajalia, hajaomba hata maji, kitenge amekikaza kiunoni kama anayekwenda shamba, na Mathe anamwona kwa pembe ya jicho na ndani yake hakuna kitu, anajipapasa, huruma haipo, hofu haipo, moyo umekufa ganzi tangu juzi, jana Kavugho mke wake alimpikia sombe na samaki, akala, akamaliza, akaomba ingine, Kavugho akabaki anamtazama, akamuuliza, "Mathe, weye uko muzima?" akasema niko muzima, nipe chumvi, na neno chumvi lilimtoka hivihivi bila kumkwama kooni, wakati Muyisa alikuwa amebeba nini juzi kama si chumvi, gunia mbili za chumvi kutoka Kasindi, siku tatu njiani, kilomita moja tu imebaki afike kwake... "Umeandika?" "Naandika, komanda."

Haandiki. Karatasi yenyewe ndogo, ukurasa wa daftari la shule uliopigwa muhuri, lakini ndiyo itakayoamua, kila mtu ndani ya chumba hiki anajua, ikisema alikataa kusimama basi Muyisa ni mtu wa msitu, mjumbe wa wale wanaopigana na mouvement, waasi wanaoutawala mji huu, na maiti ya mtu wa msitu haitoki kambini kwa wanajeshi, inaingia kwenye shimo la nyuma ya kambi pamoja na wengine wasio na jina, na ikisema alishindwa kusimama, ni ajali, basi wanajeshi watamtoa, na Katungu atamchukua mume wake leo hii hii na kumzika nyumbani, katika migomba yake, anavyozikwa mwanaume yeyote wa kwetu mwenye mji wake... eh, na yote haya yametokana na frein, breki za baiskeli, mtu akikusimulia utacheka, vita inaingia mwaka wa tatu, batu wanalala porini, na mukubwa mmoja wa mouvement ameamka siku moja akakumbuka kwamba baiskeli za Butembo hazina frein, hazina taa, hazina kengele, hazina plaque ya namba, akatoa amri, kuanzia Jumatatu roulage ikamate zote, na kwa kuwa ni vita, polisi wasikae peke yao, wapewe wanajeshi wawili kwenye kila bariere, kila kamba iliyokatiza barabara, na mwanajeshi naye ana amri yake, fupi kuliko ya polisi, anayepita kamba bila ruhusa ni adui... frein! wakati hakuna mtu wa baiskeli kutoka hapa mpaka Kasindi mwenye frein, Mathe ndiye wa kusema, miaka minne alisukuma baiskeli njia ileile kabla hajavaa hii bulaa ya polisi, mlimani unasukuma, bega kwenye gunia, mteremkoni unapanda juu, na raba za frein mteremko mmoja tu unazila, kwa hiyo unakata kipande cha tairi bovu unakifunga chini ya sandali, na ukiteremka unaweka mguu juu ya tairi la mbele, unakandamiza, unasikia moto unapanda mpaka kwenye goti, na mdomo unafanya kazi ya kengele, njia, njia, njia, mpaka chini... "iko wapi tulifikia?" anauliza komanda, "Ku bariere, komanda," "Bon. Andika: polisi alipiga filimbi mara tatu," na hiyo ni kweli, Mathe anaiandika, mara tatu, inaandikika bila shida, "na huyu mutu hakujibu kitu, alinyamaza, akaongeza mwendo..."

"Chef," anasema Katungu. Siyo kwa komanda, kwake yeye, kwa Mathe, na ni neno la kwanza leo. "Mama, nyamaza, tuko mu kazi," anasema komanda bila kugeuka, lakini si kwa ukali, Komanda Eliezer si mtu mkali, Jumapili huongoza kwaya, ni mtu aliyeambiwa karatasi ifike kwa wakubwa kabla ya saa sita, basi, ya juu yanamwogopesha kuliko ya benchi. "Miye nauliza kitu moja tu," anasema Katungu, "moja tu, kisha nanyamaza. Aliita njia?" Komanda anatazama saa yake. "Sababu bwana yangu akiteremka na muzigo anaita. Anaita ata kama njia ni wazi. Wakati tulikimbia vita kule Mabalako, usiku, batoto kwenye velo, ile baiskeli yake, batu wote wanasema nyamazeni, mutatuuwisha, na yeye kwenye muteremuko, njia! njia! Na mu njia hakukuwa ata mbuzi. Niligombana naye." Mathe anaona kwamba mwanamke karibu acheke, na hilo ni baya kuliko kulia. "Donc kama juzi alinyamaza," anasema Katungu, "miye nitajua alikuwa na kitu mu moyo yake, pengine njo ukweli alitaka kupita kwa nguvu, nitakubali, nitaenda ku nyumba. Lakini kama aliita, chef. Weye ulikuwako." Na komanda anasema, "Alinyamaza, mama. Pevé inasema alinyamaza," na pevé haijasema kitu bado, na Mathe anatazama neno la mwisho aliloandika, tatu, mara tatu, na juzi inaingia tu, haibishi hodi, saa tisa, jua, vumbi, kona ya juu, na Muyisa anatokeza kwenye kona ile na gunia zake mbili, mguu tayari uko juu ya tairi, vizuri kabisa, mguu wa mtu anayejua kazi, Mathe alimwona na akafurahi, Mungu amsamehe, alifurahi, alisema moyoni huyu ni fundi, na bado akapiga filimbi, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanamtazama kama anafanya kazi, akapiga mara ya pili, na ya tatu, na moshi ukaanza kutoka chini ya ile sandali, moshi mweupe, na Muyisa akafungua mdomo... aliita. Bila shaka aliita. Aliita mpaka sauti ikapasuka, njia, njia, na mara ya mwisho hakuita njia, alisema, "Papa, fungula!" papa nifungulie, kwa Mathe, ambaye pengine ni mdogo kwake kwa miaka mitano, alimwita papa, na kamba ilikuwa wapi? kamba ilikuwa imefungwa upande mmoja kwenye mti na upande wa pili ilikuwa mkononi mwa Mathe, imekazwa kwenye usawa wa shingo ya mtu aliye juu ya baiskeli, na mtu aliyewahi kuwa na gunia mgongoni hafikirii, mkono unafikiri wenyewe, Mathe aliiachia, aliiachia ianguke chini ili isimkate huyu baba shingo, na baiskeli ikapita juu ya kamba, na wanajeshi waliokuwa nyuma kwenye kivuli waliona nini? waliona mtu amepita kamba. Risasi mbili. Chumvi ilimwagika ikawa nyeupe barabara nzima na watu waliokimbia risasi walirudi na sahani kuizoa kabla damu haijakauka...

Kwa hiyo ndiyo hii, anajiambia, ndiyo hii uliyokuwa unaizungukia siku mbili, kwamba ukiandika aliita, watauliza kamba ilianguka vipi, na ukisema niliiachia mimi, basi wewe ndiye uliyemfungulia mtu wa msitu, na shimo la nyuma ya kambi halichagui, lina nafasi, na Kavugho ataketi benchi hii hii na kitenge kiunoni akimuuliza mwingine... lakini haikuishia hapo, maji yakishamwagika hayazoleki lakini nani aliyeinamisha ndoo, endelea, Mathe, fika mwisho, Jumamosi komanda alikuita, alikupa kiti, alisema, "Weye ulikuwaka mutu wa velo, unajua ujanja yabo yote, bariere tuweke wapi?" na hakuna aliyekulazimisha, ungeweza kusema sokoni, ungeweza kusema juu mlimani ambako kila mtu anasukuma kwa mguu na hata mtoto anaweza kumsimamisha, na wewe kifua kimejaa kwa kupewa kiti ukasema, chini ya muteremuko, komanda, nyuma ya kona, pale hawawezi kugeuka, hawawezi kukimbia. Hawawezi kugeuka. Na komanda akakupiga bega, akasema, njo juu ya hii ninakupendaka. Na ulijua. Usiseme hukujua, ulijua kwa goti lako, kwamba pale chini asiyeweza kugeuka hawezi pia kusimama, ulijua ukaliweka neno hilo pembeni, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi na wewe sasa hukuwa na mzigo tena... na hapo, kwenye hilo neno, kitu kinamwingia Mathe, anashindwa kukijua mara moja, siku mbili ni nyingi, kisha anakijua, ni woga, anaogopa, anaogopa vibaya sana, jasho linamtoka chini ya kofia, anaiogopa kambi, anamwogopa huyu mpole wa dirishani, anamwogopa zaidi mwanamke wa kwenye benchi, anaogopa na anataka kulia kwa vile anaogopa, anasikia mbuzi huko nje, anasikia mtu anafagia, anasikia harufu ya chumba, vyote vimerudi kwa mara moja, na ndani ya vyote hivyo Muyisa anamwita papa...

"Alinyamaza, akaongeza mwendo, akavunja bariere," anasema komanda polepole, neno kwa neno, anavyosomewa mwanafunzi imla, "umeandika?" Nje wanaendelea kufagia. Saa sita haijafika. Komanda bado amewapa mgongo, Katungu bado ameinamisha kichwa, karatasi bado iko palepale kwenye mara tatu. "Mathe. Umeandika?" Na Mathe anafikiri, hapana, hapana komanda, aliita, miye nilimusikia, kamba niliiachia miye, anafikiri hivyo kwa mpangilio mzuri, neno baada ya neno, na hajui kwamba ameyasema kwa sauti mpaka anapomwona Katungu akiinua kichwa.