Ndege Haina Bei ya Jioni

Simu ya Hudson ilimkuta Apolot ameinama juu ya ungo, anapepeta njugu kwenye kibaraza cha godauni lake, Busia upande wa Kenya. Malori yalikuwa yameshapanga foleni ya kuvuka, wabadilishaji fedha wameanza kelele zao, na vumbi la asubuhi lilikuwa linaingia kwenye chai ambayo hakuwa ameigusa. Aliibana simu kati ya sikio na bega ili mikono iendelee na kazi.

"Mama Okedi, wamekataa mzigo," Hudson alisema.

Mikono ikaacha kazi. Hudson ndiye dereva wa lori alilokodi, na tangu jana alikuwa Nairobi, nje ya geti la kiwanda kinachosaga njugu kuwa siagi.

"Nani amekataa?"

"Watu wa kupima. Wanasema uko na sumukuvu."

Sumukuvu ni ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye njugu zilizolowa, na hakuna mfanyabiashara wa njugu pale mpakani asiyeliogopa neno hilo. Lakini mzigo ulitoka Busia mkavu. Apolot mwenyewe alitafuna njugu za kila gunia kabla halijapakiwa. Kilichotokea ni kwamba mvua iliwanyeshea njiani, turubai likavuja pembeni, kisha lori likazuiliwa siku kadhaa kwenye mizani kwa sababu mtu wa mhuri alikuwa amekwenda semina. Gunia moja la juu likaoza. Na mpimaji wa pale getini, badala ya kupanda juu ya lori kama mtu anayelipwa mshahara, alisimama chini akachoma bambo lake, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia hilo hilo alilolifikia.

"Mwambie apime na mengine!"

"Nimemwambia, Mama. Anasema atapima, lakini lazima mwenye mzigo awepo. Wewe mwenyewe, na kitambulisho. Kabla ya saa tisa leo. Usipofika, kesho asubuhi wanachoma yote."

Aanyu alikuwa amekaa pembeni yake, na alikuwa amesikia kila kitu. Yeye ni mshirika wa Apolot kutoka Tororo, upande wa Uganda. Ndiye aliyezunguka vijiji vya Mukuju na Kwapa akikusanya njugu nyumba kwa nyumba kutoka kwa akina mama ambao wangelipwa lori likishapokelewa. Mzigo ule ulikuwa msimu wao mzima.

"Hiyo njugu mimi naanika mwenyewe," Aanyu alisema. "Iko kavu kama mfupa. Sasa wanachoma nini?"

"Hawachomi kitu. Naenda."

"Unaenda namna gani? Nairobi ni mbali. Utafika usiku."

"Kwa ndege."

Aanyu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba Apolot hakuwahi kupanda ndege. Lakini alijua kwamba kutoka Kisumu hadi Nairobi ndege hairuki hata saa nzima, na kitu kifupi namna hiyo hakiwezi kuwa ghali sana. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na si yeye peke yake aliyewahi kufikiri hivyo.

Jeff, kijana mwenye gari aina ya Probox linalowapeleka watu Kisumu, alipoambiwa habari hizo alitoa simu yake kabla hata ya kuwasha injini.

"Mathe, ndege ya saa sita iko. Elfu saba na mia tano. Nikubukie tiketi saa hii?"

"Nani anauza?"

"Hakuna mtu. Ni hapa kwa simu tu."

"Elfu saba na mia tano, na sijaongea na mtu? Twende. Nikimwona anayeuza tutaelewana."

"Mathe, hizi vitu hupanda."

"Endesha gari, Jeff."

Walifika uwanja wa ndege wa Kisumu muda ukiwa bado unatosha. Kaunta ya kampuni ya ndege ilikuwa nyuma ya milango ya kioo inayojifungua yenyewe, na nyuma ya kaunta alikaa kijana aliyepiga tai, mwenye kibandiko kifuani kilichoandikwa John Paul. Apolot alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kama inavyotakiwa kabla ya biashara yoyote. Kijana alishtuka kidogo.

"Nairobi, saa sita," Apolot alisema. "Bei gani?"

"Elfu kumi na moja, madam."

"Kumi na moja! Asubuhi ilikuwa saba na mia tano."

"Hiyo imeisha. Ilikuwa ya asubuhi."

"Basi chukua nane, tumalize."

John Paul alitabasamu kwa upole wa mtu aliyefundishwa kutabasamu. "Mama, hapa bei haipunguzwi. Ni sistimu."

"Tisa."

"Mama, si mimi. Ni sistimu."

Apolot akafanya kile ambacho angekifanya popote pale kati ya Busia na Tororo. Alibana mkoba wake kwapani, akageuka, akaanza kuondoka polepole. Pale mpakani, kununua ni kazi ya miguu sawa na mdomo. Ukitaja bei yako na mwenye mali akakaza shingo, unaondoka. Huondoki kwa hasira, unaondoka taratibu, unamwachia nafasi ya kufikiri. Kabla hujafika mbali utasikia, "Mama, rudi! Leta hiyo yako!" Apolot alinunua hivyo magunia, mizani, hata kiwanja alichojengea. Alijua kwa mgongo wake ni lini ataitwa.

Alifika kwenye milango ya kioo. Ikajifungua. Hakuna aliyemwita.

Alitoka nje akasimama kwenye kivuli, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Jeff alikuja mbio.

"Umepata?"

"Ataniita."

"Nani?"

"Yule kijana. Subiri."

"Mathe, hawaitangi mtu hawa!"

Apolot hakumsikiliza. Alikaa kwenye benchi akafikiri kwa utaratibu kabisa, na kila alivyofikiri ndivyo alivyozidi kujipa moyo. Sokoni kuna bei ya asubuhi na kuna bei ya jioni. Nyanya iliyokuwa na maringo asubuhi, jua likianza kushuka inakwenda kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuna mwenye akili anayerudi nyumbani na kitu kitakachooza. Na kiti cha ndege je? Kiti cha ndege kinaoza dakika ile inapopaa. Hakiuziki tena. Basi kadiri saa inavyosogea, ni wao watakaoanza kuhangaika. Ilikuwa ni hoja nzuri sana, na ingemfaa mahali pengine popote duniani.

Hatimaye Jeff alimshika mkono akamwinua. Waliporudi ndani, John Paul aligonga kompyuta yake.

"Elfu kumi na tano na mia tano."

Apolot alidhani kijana anamtania. "Nimekaa hapo nje tu. Hata benchi halijapata joto!"

"Viti vya bei ile vimeisha, mama. Sistimu imepanda."

"Mmeuza vyote? Nilikuwa naangalia mlango. Hakuna mtu aliyeingia!"

Wakati huo bwana mmoja mnene mwenye suti alisogea kaunta na kuomba radhi, ana haraka kidogo. Alitoa kitambulisho, akataja ndege ileile, akalipa. Hakuuliza bei. Alichouliza ni risiti, tena mara mbili, iandikwe vizuri. Apolot alimkodolea macho.

"Baba, samahani. Umelipa ngapi?"

Bwana yule, ambaye jina lake kwenye risiti lilikuwa Elphas, alilazimika kutazama karatasi. "Kumi na tano na nusu. Ah, mimi huwa sijui. Ofisi hulipa."

"Ofisi gani?"

"Serikali. Tuna warsha." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mpole na hakuona ubaya wowote, akaongeza, "Ni kuhusu kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa mpakani."

Jeff alicheka kwa sauti mpaka akajiziba mdomo. Apolot hakucheka. Hasira ilimpanda hadi masikioni, na hakujua aitupie nani, maana bwana yule alikuwa mpole na kijana wa tai alikuwa mpole, na hapakuwa na mtu mwingine mle ndani.

"Kijana," alisema, "niambie ukweli wa Mungu. Hiyo ndege ina viti vitupu?"

John Paul alitazama kompyuta. "Viko."

"Vingi?"

Alisita. "Karibu nusu."

"Na ikipaa, hivyo viti mnavifanyia nini?"

"Vinaenda tu."

"Vitupu?"

"Vitupu."

"Basi niuzie kimoja kwa ile kumi na moja yako. Mimi ninayo, hii hapa. Kumi na moja ni bora kuliko sufuri, au shuleni mlifundishwa vingine?"

"Mama, ningekuwa na uwezo ningekupa." Na pengine alisema kweli, kwa sababu alikuwa anatokwa na jasho. "Hata mkubwa wangu hawezi. Bei inatoka huko juu."

"Huko juu kuna nani?"

Kijana hakujua.

Apolot alifikiria njugu. Alimfikiria mpimaji aliyeona uvivu kupanda lori. Alifumba macho, akafungua mkoba, akatoa ile kumi na moja, akafungua na fundo la leso alikoweka akiba ya mwisho, na Jeff akatoa noti zake za mafuta bila kuombwa. Walikuwa wananyoosha noti kwenye kaunta wakati John Paul aliposema kwa sauti ndogo:

"Mama, imefunga."

"Nini imefunga?"

"Kaunta. Sistimu inajifunga yenyewe kabla ya safari. Siwezi kuingiza jina tena."

"Pesa hii hapa! Mimi hapa! Ndege ile pale!"

"Pole sana, mama. Iko ya saa kumi na mbili jioni. Nikuangalizie bei?"

Apolot akaanza kukusanya noti zake moja moja. Alipotoka nje aliiona ndege ikigeuka kwenye lami, nyeupe na safi, na ndani yake karibu nusu ya viti havikuwa na mtu. Alilia hapo hapo kwenye maegesho, kilio cha hasira, na Jeff alisimama kando akiangalia matairi ya gari lake.

Walirudi Busia. Hudson alipiga simu saa tisa ikiwa imeshapita. Mpimaji alikuwa amefunga kifaa chake na kwenda. Walikuwa wamemletea Hudson karatasi ya kuchomwa kwa mzigo, kesho asubuhi.

"Na mimi si lazima niwepo?" Apolot aliuliza.

"Hapana, Mama. Kupima upya ndio lazima uwepo. Kuchoma wanachoma tu. Lakini gharama ya kuchoma ni ya mwenye mzigo. Wanataka nitie sahihi."

"Usitie. Usiguse hata kalamu yao. Lala na lori lako hapo getini."

Aanyu alikuwa bado kibarazani, na pembeni yake alikaa Mama Ekaju, mama wa makamo kutoka Mukuju, ambaye magunia yake yalikuwa mengi kuliko ya wengine na ambaye alivuka mpaka aliposikia habari. Mkoba wake wa plastiki ulikuwa miguuni. Hawakuhitaji kuambiwa, uso wa Apolot uliwatosha.

"Ulichelewa?" Aanyu aliuliza.

"Sikuchelewa."

"Ndege ilijaa?"

"Haikujaa. Karibu nusu ilikuwa wazi."

Mama Ekaju alikunja uso. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo polepole na kwa ukamilifu. "Kiti iko, wewe iko, pesa iko. Sasa walikataa pesa?"

"Walikataa kupunguza. Kila nilipouliza, walipandisha. Nilipokubali, wakafunga."

"Na wakaenda na kiti tupu."

"Wakaenda nacho."

Kuvuka barabara, mwanamke mmoja alikuwa anaita watu waje wachukue ndizi zake zilizobaki, bei yoyote, anataka kwenda nyumbani.

"Mimi naambia nini wale mama?" Aanyu aliuliza. "Hawatanisadiki. Watasema mimi nimekula pesa."

Apolot aliona aibu, ingawa hakuweza kusema ni aibu ya nini. Alitoa zile noti zilizokunjamana, za kwake na zile ambazo Jeff alikataa kurudishiwa, akaziweka juu ya ungo, na ndipo alipoona karatasi zile zingeweza kufanya kazi gani.

"Basi la Nairobi linaondoka muda si mrefu," alisema. "Linafika alfajiri, kabla hawajafungua geti. Kwa hela ya kiti kimoja cha ndege tunapanda sisi watatu, na nyingine inabaki."

"Lakini saa ya kupima imepita," Aanyu alisema.

"Imepita. Walitaka mwenye mzigo awepo, si ndiyo? Mimi ni dalali tu. Wenye mzigo ni nyinyi, maana hamjalipwa. Mna vitambulisho?"

Mama Ekaju alikuwa ameshasimama na kuchukua mkoba wake.

"Yangu iko," alisema. "Kama wanachoma, wanachoma mimi nikiwa juu ya gunia."